Kuku Asiye na Firigisi

Mimi si mtu wa kuamini watu haraka, na ni bora niliseme hilo mwanzo. Fundi viatu akiniambia nirudi kesho, nitapita leo jioni nione kama ameanza. Muuza maziwa akinimiminia, naangalia kipimo chake kisha namwangalia yeye usoni. Nimelelewa hivyo. Wazazi wangu ni watu wa Mkoa wa Kati waliohamia Trans-Nzoia wakapata shamba dogo nje ya Kiminini, na mama alikuwa akituambia kwamba mtu akikusalimu mara mbili kwa siku moja, hiyo ya pili ana shida. Nilipokuwa mtoto nilicheka. Nilipokua nikaanza kuhesabu salamu.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao. Naishi Kibomet, karibu na Kitale, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kazi, na kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa maduka ya dawa za mifugo, shule za binafsi na wauza mbegu za mahindi. Ukishapiga picha ya gunia la mbolea pande zote nne, hakuna jipya linalobaki duniani. Kwa hiyo siku mwenye hoteli mmoja wa mjini aliponiita akasema anataka menyu yake iingie kwenye mtandao, nilifurahi sana, na papo hapo nikajiuliza kwa nini ameniita mimi na si mwingine.

Hoteli yake iko hatua chache kutoka msikitini, Kitale mjini. Yeye ni mama wa Kiislamu ambaye ukoo wake umechanganyika mpaka mwenyewe huchoka kuueleza: kuna pwani, kuna Unubi, na kuna nyanya mmoja wa Mlima Elgon. Pilau yake watu huifuata kutoka mbali. Alikuwa amefungua hoteli ya pili Bungoma, na huko ndiko alikotaka menyu imsaidie, maana kule bado alikuwa mgeni.

Nilidhani mimi ndiye bingwa wa kushuku. Yule mama alinipita kwa mbali.

"Hizi picha ukiweka kwa mtandao, mtu hawezi kuzichukua?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Picha anaweza, mama. Pilau hawezi."

"Akiona picha si anaona nimekata kitunguu namna gani?"

"Kwa simu hata kitunguu chenyewe hakionekani vizuri."

"Basi unapiga picha ya nini?"

Hakuniruhusu kuingia jikoni kwake Kitale hata siku moja. Vyakula vililetwa kimoja kimoja kwenye meza ya dirishani, naye akaketi kando yangu, macho kwenye simu yangu, akitaka kuona kila picha niliyoipiga na kila niliyoifuta. Alitaka kila chakula anachopika kiingie kwenye menyu, herufi ziwe za dhahabu zenye mikia, na maua yazunguke pembeni. Nilimweleza kwamba mteja wa siku hizi anasoma menyu akiwa amesimama barabarani, jua linapiga kioo cha simu na bando linaisha. Anataka picha moja ya kumtia njaa, jina la chakula analolijua, bei, basi. Herufi ziwe nene na nyeusi. Picha ziwe nyepesi zifunguke upesi. Chakula kinachopendwa kikae juu, chai ishuke chini kabisa, kwa sababu hakuna anayetafuta chai mtandaoni. Alikubali yote isipokuwa kuondoa maua. Tulibishana kuhusu maua wiki nzima, na nikashinda.

Jambo jingine tulilobishania lilikuwa picha aliyoipenda kutoka mtandaoni, pilau ya nchi za mbali, imejaa zabibu kavu na korosho. Alitaka tuiweke hiyo.

"Mteja akija akikuta pilau yako haina hizi korosho, atasema nini?" nikamuuliza.

"Atasema pilau ni tamu."

"Atasema umemwibia korosho."

Alicheka mpaka akashika mbavu, na tukakubaliana sheria: kila picha iwe ya chakula kilekile kitakachofika mezani, bila kuongeza wala kupunguza. Sheria ilikuwa yangu, na niliona fahari nayo. Nilimwambia watu wa huku hawadanganyiki, wanashuku kwanza ndipo wanakula.

Siku ya kwenda Bungoma niliondoka Kibomet asubuhi na mapema nimekunywa chai tupu. Mpishi wa kule alikuwa mama wa makamo kutoka Malakisi, mwembamba, mpole, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani. Kuku walichinjwa na mzee mmoja wa msikitini, kisha mpishi ndiye aliyewapokea kuanzia manyoya hadi sahani. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za safari. Lakini kila nilipoingia jikoni, alichukua mfuniko akafunika sufuria. Mara ya kwanza sikujali. Mara ya pili nikasimama. Mara ya tatu nikajisemea kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mtu asiye na la kuficha hafuniki.

Halafu alinifuata. Nikitoka na sahani kutafuta mwanga, yuko nyuma yangu na kitambaa cha kupangusia. Nikiinama kupiga picha, amesimama mlangoni. Nikajua ametumwa na mwenye hoteli anichunge, au anaogopa nione kitu. Sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili, na vyote viwili vilinikasirisha.

Chakula kilichobeba hoteli ile kilikuwa kuku mzima wa kienyeji, anayeletwa kwenye sinia na ugali wa wimbi na bakuli la mboga ya mrenda. Watu wa Bungoma walikuwa wanamwagiza Jumapili, wakija na wakwe au wageni wa heshima. Mwenye hoteli alitaka kuku huyo akae juu kabisa ya menyu, awe ndiye picha ya kwanza anayofungua mtu. Nililiweka sinia kwenye meza ndogo karibu na mlango wa nyuma, palipokuwa na mwanga mzuri, nikapiga picha ya kwanza. Sikuipenda. Juu ya rundo la nyama kulikuwa na kipande kimoja cheusi, kimekaa kama kokoto, kimeziba paja lililong'aa mafuta. Ilikuwa firigisi. Nikaitoa. Nikalipanga paja vizuri, nikanyunyiza dhania, nikapiga picha nyingi mpaka nikaridhika. Na ile firigisi ilikuwa bado mkononi, na saa nane ilikuwa imepita, na tumbo lilikuwa tupu. Niliitia mdomoni. Ilikuwa imeiva vizuri mno, nikalamba vidole. Mpishi alikuwa ndani wakati huo. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

Mtu aliyekulia huku hawezi kusema hajui habari ya firigisi. Kwa Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, ambao wao huiita imondo, ni ya mwenye nyumba au ya mgeni anayeheshimiwa. Mwanamke haili, nami ni mwanamke. Sahani ya kuku ikifika mbele ya wakwe bila imondo, kuna mtu jikoni ataulizwa, na zamani kuna wake waliorudishwa kwao kwa sababu hiyo. Nilijua yote hayo. Nimeyasikia harusini mara nyingi, watu wakicheka. Ila niliyachukua kuwa mambo ya nyumbani, hayaingii hotelini ambako mtu analipa na kula. Na tuseme ukweli, wakati ule sikufikiria mila ya mtu yeyote. Nilikuwa na njaa.

Menyu ilitoka ikapendeza, nisijisifu bure. Kitale watu waliifungua wakaagiza pilau kwa simu kabla ya kutoka kazini. Mwenye hoteli alinipigia kunishukuru, jambo ambalo lilinipa wasiwasi kidogo. Baada ya wiki moja hivi alipiga tena, na sauti ilikuwa nyingine.

"Watu wa Bungoma wamekataa kuku wangu."

"Wamekataa vipi?"

"Hawaagizi. Jumapili nzima hakuna hata kuku mmoja mzima. Na yule msichana wa kaunta amesikia wateja wakisema ati hoteli hii imondo inaliwa jikoni. Imondo si ni firigisi?"

"Ni firigisi, mama."

"Kwa hivyo kuna mtu anakula firigisi za wateja wangu. Wewe ulikuwa huko siku nzima. Uliona nini?"

Hapa ndipo ninapoona haya kila nikikumbuka. Sikusema uongo hata neno moja. Nilisema mpishi alifunika sufuria kila nilipoingia. Nilisema alinifuata nyuma siku nzima, macho hayatulii. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu mwenye busara zake, kwamba lisemwalo lipo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mwenye hoteli, na akakata simu.

Kuanzia siku hiyo msimamizi wa Bungoma alifungua mkoba wa mpishi kila jioni kabla hajaenda nyumbani, mbele ya wafanyakazi wengine. Walikuta leso, Biblia ndogo, na siku moja sukari aliyoinunua dukani na risiti yake. Firigisi hawakuipata. Kutoipata nako kukawa ushahidi: ina maana anazila palepale. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kuna mteja aliyewahi kuletewa sinia lisilo na firigisi. Swali hilo ni rahisi, mtoto angeliuliza. Sisi tulikuwa tumeshapata mtu wa kumshuku, na mtu akishapatikana maswali huisha.

Wiki ya tatu mpishi aliambiwa aende kwao. Mwenye hoteli alinipa habari hiyo kwa simu, nami nikamwambia pole, afadhali umejua mapema.

Siku chache baadaye bomba la maji lilipasuka pale ninapokaa, na mwenye nyumba akamleta fundi, mtu wa Bungoma, mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Alipomaliza nilimpa chai, na kwa kuwa alikuwa wa kule, nikamwonyesha kazi yangu. Nilitaka kusifiwa, sifichi. Aliishika simu, akaiangalia picha ya kuku kwa muda.

"Picha iko mzuli, bana," akasema. "Lakini hii kuku imeshikwa."

"Imeshikwa vipi?"

"Imondo iko wapi? Ati kuku mzima, na imondo hakuna. Sasa kama kwa picha tu wamekula, kwa sahani si itakuwa mbaya zaidi? Mimi siwezi peleka baba ya bibi yangu hapo. Atadhani nimemtusi."

Alicheka, akamaliza chai, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa. Niliona kila kitu kwa mpigo mmoja: paja likingʼaa, dhania, vidole vyangu nikivilamba, na yule mama wa Malakisi akifunguliwa mkoba jioni baada ya jioni kwa ajili ya kitu nilichokuwa nimekimeza mimi.

Ningetaka kuandika kwamba nilipiga simu palepale. Sikupiga. Nilichofanya ni kutafuta ile picha ya kwanza, ile niliyoipiga kabla sijatoa firigisi, ambayo kwa bahati sikuwa nimeifuta. Nikaiweka mahali pa ile nyingine. Kazi hiyo ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kisha nikafunga kompyuta nikajiambia mambo yamekwisha, watu wa Bungoma wataona imondo yao na watarudi.

Siku ya kwanza nilijiambia mpishi mzuri hakosi kazi. Siku ya tatu nikajiambia labda kweli alikuwa na mengine aliyoyaficha, maana zile sufuria alizifunika kwa nini? Siku ya tano nikaogopa. Nikisema, jina langu la kazi limekwisha mjini, na watu watapata kichekesho cha kudumu, mwanamke wa kutoka Kati aliyekula imondo ya watu wa Bungoma akamwachia mpishi lawama. Nilikuwa silali vizuri. Nilikuwa nakasirikia kila mtu, mpaka fundi wa bomba, kwa nini aliikazia macho ile picha. Lakini mdomo wangu haukufunguka.

Siku ya tisa mwenye hoteli alipiga simu asubuhi.

"Kuku wangu amebadilika," akasema.

"Amebadilika vipi, mama?"

"Usiniulize. Mimi naangalia hiyo menyu kila siku nikimaliza kuswali. Najua kila punje ya wali iko wapi. Wiki nzima nilikuwa na haraka nikadhani ni macho. Leo nimevaa miwani. Nani alikuambia ubadilishe?"

"Ile ya zamani ilikuwa na kasoro ndogo."

"Kasoro gani?"

Nikaanza kumweleza habari za mwanga na kivuli. Hakuningoja nimalize.

"Njoo hapa," akasema.

Alinikalisha kwenye meza ileile ya dirishani. Simu yake ilikuwa na ile picha ya zamani, kwa sababu, kama nilivyopaswa kujua, alikuwa ameweka nakala ya kila kitu nilichomfanyia tangu siku ya kwanza. Akaziweka simu mbili sambamba, yake na yangu.

"Hapa kuna firigisi. Hapa hakuna. Sinia ni moja, meza ni moja. Ilienda wapi?"

"Niliila, mama."

"Sema tena."

"Niliila mimi. Nilikuwa na njaa."

Nikamweleza na habari ya fundi wa bomba na zile siku tisa, kisha nikangoja anitukane. Alitoa miwani akaiweka mezani. "Astaghfirullah," akasema polepole. "Nimefungua mkoba wa mtu mzima." Kisha akasimama, akamwita mtu wa kumwangalizia kaunta, akachukua ufunguo wa gari. Njiani hatukuzungumza ila mara moja, tulipopita Bungoma, akasema bila kuniangalia, "Wewe ndiye ulinifundisha picha isidanganye."

Tulimkuta Malakisi kwa ndugu yake, kwenye kitalu cha miche ya tumbaku, akinyunyizia maji. Alipotuona alikausha mikono, akatuletea viti, akamwuliza mwenye hoteli habari za watu wote wa hotelini mmoja mmoja, hata msimamizi. Mwenye hoteli alijibu kila salamu na hakuweza kuanza. Nikaona ni langu.

"Mama," nikamwambia, "imondo ya ile siku ya picha niliila mimi. Watu waliona picha haina imondo ndio wakakataa kuku. Haikuwa wewe."

"Najua," akasema. "Nilikuwa kwa dirisha. Nilikuona ukikula."

Mwenye hoteli aliinuka nusu kwenye kiti. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema aje, mama? Ati mgeni amekula? Mgeni hasemewi chakula. Hata kama ni ya hoteli, mimi ndio nilimpikia." Aliketi kwenye jiwe la pembeni mwa kitalu. "Nilidhani akisikia nimeshikwa atasema mwenyewe. Nikangoja. Mkoba ikafunguliwa, nikangoja tu. Siku ile mliniambia niende, ndio nikajua hatasema."

Mwenye hoteli alimwomba radhi. Aliomba vizuri, bila kujitetea, kwa maneno machache, na akamwambia kazi yake ipo, arudi hata kesho. Mpishi alifikiri kidogo. Akasema atarudi wiki ijayo akimaliza kumsaidia ndugu yake, lakini mkoba wake usiguswe tena, na yule msimamizi aambiwe ukweli mbele ya wale wale waliokuwa wakitazama. Mwenye hoteli akakubali. Habari ya sufuria kufunikwa sikumwuliza, na mpaka leo sijamwuliza.

Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, na mimi niko na neno. Nilipofika hapa niliambia ndugu yangu, yule msichana wa picha ana roho mbaya, anajua na amenyamaza. Nilisema hivyo, na nikarudia kwa majirani. Sasa ona, umetoka Kitale mpaka hapa ukasema na mdomo yako, na hakuna mtu alikulazimisha. Nilikudhania vibaya. Unisamehe."

Mwenye hoteli alikuwa amekaa karibu nami kiasi kwamba bega lake liligusa langu. Alikuwa anajua zile siku tisa. Alijua nani alimwita nani, na jinsi nilivyosema kasoro ndogo. Nilisikia akivuta pumzi, nikajua anasema sasa. Hakusema. Aliinamisha uso akaangalia miche, akaniachia mimi.

Ilihitaji sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Hakuna shida, mama," nikasema, naye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.